Shusha

Kazi yangu ni neno moja: shusha.
Lori likipanda bambani, tarakimu nyekundu zikaruka,
natoa kichwa dirishani: shusha, bwana,
ekseli ya tatu imezidi.
Nao hawakosi majibu. Mwaka wa kumi na moja huu nayasikia, hapa Webuye:
mvua imelowesha turubai, mama;
ni tope la Kanduyi hilo, limegandia magurudumu;
mashine yenu ina chuki;
utingo ndiye mzito, tazama shavu lile.

Mwezi wa pili nilipanda mizani ndogo ya zahanati.
Tisini na nne.
Nikasikia mdomo wangu ukisema: ni viatu, sista.
Nikavua. Tisini na nne.
Basi ni sweta. Ni chai ya asubuhi.
Sista Nasipwondi hakucheka. Aliandika presha yangu kwa wino mwekundu,
akauliza, kwa upole uliochoma kuliko sindano,
wewe si ndiye yule wa shusha?

Droo yangu ya pili, ingepimwa, ingetozwa faini:
biskuti, krispi, mandazi ya jana
ndani ya gazeti lililong'aa mafuta.
Haikuwa njaa, niseme ukweli.
Ilikuwa saa nane usiku, kati ya lori na lori,
taa zikivuma na hakuna wa kugombana naye.
Mkono huenda wenyewe.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Hatukuambiwa kibaba kikishajaa kinatuliwa wapi.

Nikamwendea Lusike, muuza njugu wa getini:
nipimie za kuchemsha, kikombe kimoja cha kahawa,
kisha funga gunia hata nikikulilia.
Akaniuliza kama nimefilisika.
Tangu hapo droo ina mapera, kiazi kitamu kilichopoa,
tango lisilo na chumvi,
ambalo sitakudanganya, lina ladha ya maji yaliyokasirika.
Pera nalila polepole, mbegu kwa mbegu,
lori mbili zinapita kabla sijalimaliza.

Wiki ya kwanza, kilo moja.
Ya pili, nusu.
Ya tatu, kimya.
Ya nne tulikuwa na matanga Bokoli,
na nani hukataa chapati ya matanga?
Nilirudi na kilo mbili za marehemu.
Usiku ule nilinunua pakiti nzima ya biskuti,
nikaila nimesimama nyuma ya choo, kama mwizi wa kuku.

Ni usiku huohuo Ochwada alipoingia na sukari,
amezidisha mara ya tatu wiki hiyo.
Hakutaja mvua. Hakutaja mashine.
Alivua koti, akapanda juu,
akaanza kuhamisha magunia, moja, halafu moja,
maji yakimtiririka mgongoni.
Nikamuuliza, hukasiriki?
Akasema, nikikasirika litapungua?

Sikulala vizuri na swali lile.
Asubuhi nilipanda Chetambe kwa miguu,
nikasimama mara sita, nikijidai natazama miwa.
Kesho yake mara sita.
Juzi mara mbili, na kweli nilitazama miwa.

Sasa nikwambie siri ya mizani kubwa.
Haijui udogo: inahesabu ishirini, ishirini.
Mwezi wa pili, barabara ikiwa tupu,
nilisimama juu yake peke yangu, ikanisomea mia.
Nilikasirika kama dereva.
Leo alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia lami,
nimepanda tena, na njugu zangu mfukoni.
Themanini.

Najua ya Nasipwondi inasema themanini na tisa.
Najua hii imenipendelea kilo tisa nzima.
Sikubishana nayo. Dereva gani hubishana akipendelewa?
Nimeingia ofisini nikajichapia risiti:
Gari: Namalwa.
Ekseli: mbili, ya kushoto inauma kidogo.
Mzigo: unaendelea kushushwa.
Ruhusa, pita.