Sili ya Kushoto

Mara ya kwanza alipokuja, Ndelilio,
niliitazama pikipiki kama mtu anayetazama saa.
Shokapu ya kushoto ilikuwa inang'aa
pasipotakiwa kung'aa.
Vumbi la Uru limeganda pale, jeusi, lenye mafuta,
kama wanja chini ya jicho lililolia.
"Sili," nikasema, bila hata kuinama.
Elfu ishirini na tano.

Mara ya pili hakupiga kelele.
Alishika breki ya mbele, akaegemeza kifua juu ya usukani,
akakandamiza mara tatu, mara nne,
pua ya pikipiki ikizama, ikiibuka,
kisha akazungushia bomba karatasi ya chooni
akanionyesha: duara la manjano,
shuka la mtoto asubuhi.
"Yameshafika kwenye diski. Jana mteremko wa Shimbwe
nimesimama kwa soli za viatu,
lita arobaini za maziwa mgongoni."

Nikalaumu sili za siku hizi.
Nikamlaumu muuza vipuri wa Mbuyuni,
nikalaumu masika, nikalaumu mawe.
Fundi hakosi wa kumlaumu, anao stoo nzima.
Nikatia sili nyingine.
Nikachukua elfu kumi na tano, "ya mkono tu, dada."

Mara ya tatu aliiacha alfajiri, haijazima joto,
akapanda pikipiki ya mwingine
akalipa nauli kama abiria, madumu mapajani.
Nami nikabaki nayo peke yangu, hapo Rau,
kabla wenzangu hawajafungua.

Nikalegeza kofia ya juu. Springi ikaruka, ikanigonga kidole
(ilikuwa na haki).
Hidroliki nikaimwaga kwenye kopo la maziwa ya mtoto:
nyeusi, inanuka samaki aliyesahauliwa.
Sili yenyewe bado changa. Mdomo wake tu umechanika,
mahali pamoja, palepale pa ile ya kwanza.

Palepale.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ile ya kwanza.
Nikafuta bomba kwa petroli. Nikafumba macho.
Nikashusha ukucha wa kidole gumba juu ya kromu,
polepole, kama atafutaye mwiba
kwenye unyayo wa mtoto aliyelala.

Ukucha ukakwama.

Mkwaruzo. Mdogo kuliko punje ya ulezi.
Jiwe moja, siku moja, liliruka likauma chuma,
na tangu hapo kila shimo la barabara
kijino kile kilipanda kikikata,
kikashuka kikikata.
Mara mbili nimefunga bandeji,
kisu nimekiacha ndani.

Msasa laini, maji, mkono mwepesi.
Sugua kwa kuzunguka, usisugue kwa kupanda na kushuka,
mstari wa wima ni mfereji.
Kishimo nikakijaza tone la gundi, nikaliachia jua la saa saba,
nikasugua tena, hadi ukucha ukapita
bila kusalimia mtu.
Ncha ya bomba nikaivika mfuko wa nailoni,
sili ikateleza juu yake bila kujua imepita wapi,
nikaigonga kwa kipande cha bomba la plastiki,
tok, tok, tok,
mpaka sauti ilipobadilika: tak.
Sikio nalo ni spana.
Mafuta mapya nikapima kwa sindano ya ng'ombe,
kulia sawa na kushoto.

Jioni akaja. Mlima umejifunika,
kama kawaida yake ukiwa hauna la kusema.
Nikamhesabia elfu arobaini, akahesabu tena mwenyewe.
"Fundi gani anarudisha hela?"
"Lete ukucha," nikamwambia, "pitisha hapa."
Akapitisha. Akarudia.
"Mbona hakuna kitu?"
"Ndicho nilichokutengenezea."

Hakucheka. Akavaa kofia yake ngumu, akakandamiza mara nne,
akainama, akatazama bomba hadi nikaona haya,
akaondoka na madumu matupu yakigongana.

Elfu tano niliikuta kesho yake kwenye benchi,
imelaliwa na spana namba kumi na saba.
Spana ile mimi huitundika.