Kuziba Ufa

Baridi ya Pernik haibishi hodi.
Miaka thelathini iliingia kwa bibi Rumyana
kwa ufa ule ule wa dirisha,
ikala pensheni
kabla hajanunua mkate.

Kisha ikaja sheria, kurasa arobaini,
kavu kuliko kuni;
mtaani hakuna aliyeimaliza.
Ila Tsvetan, aliyeachishwa mgodini,
akaitwa. Akapewa gundi, mwiko, kamba ya kiunoni,
akapanda ghorofa ya sita
kulivisha jengo koti.

Mikono iliyochimba makaa
sasa inayanyima makaa kazi.
Anacheka: “Nalipwa kwa moto usiowashwa.”

Januari bili ilikuja nyembamba.
Bibi aliigeuza, akatafuta tarakimu zilizojificha nyuma.
Hakuna.
Akateremka kwa fundi viatu,
aliyekwisha andika tangazo la kufunga duka,
akaacha buti zake zitiwe soli.
Jioni fundi alinunua nyama.

Wachumi watauita ufufuo, wachore mstari unaopanda.
Mimi nimeona sarafu tu,
zilizozoea kutoka na moshi,
zikipiga hodi mlango kwa mlango.

Upande wa kaskazini bado u uchi:
fedha ziliishia ghorofa ya tatu.
Tsvetan anakunja kamba,
anangoja bunge.