Mzazi: Mvua

Ziko elfu sita, mia tatu na arobaini.
Nilizihesabu Jumatatu, kisha mashine ikanihesabia
ikapata tatu zaidi. Sikubishana nayo.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la vipuri. Nyundo huanza saa mbili kamili
na kufika saa nne meza yangu inanuka grisi,
ingawa kazi yangu haina mafuta:
kupanga tovuti ya ushauri wa wakulima,
miaka kumi na minne ya watu kuandika
na kuondoka.

Mahindi yana milango mitano.
Mahindi. Mahindi Mapya. Mahindi Mapya Kabisa.
Mahindi ya Lumiti, Msiguse.
Na Mahidni, lililokosewa,
ndilo linalosomwa kuliko yote.

Viwavijeshi nimewakuta chini ya Mikopo.
Maziwa yamelala chini ya Udongo.
Aliyeweka kuku chini ya Wasiliana Nasi
natamani nimjue, ninywe naye chai.

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema.
Sisi daftari tunalo. Ndilo lililotushinda:
limezaa, likazaa,
likasahau majina ya watoto.

Kila ukurasa sharti uwe na mzazi, ndiyo sheria ya mfumo.
Usio na mzazi huitwa yatima, huandikwa kwa wekundu.
Wekundu wangu unateremka, unateremka,
kidole kinachoka kabla haujafika chini.

Jumatano nilishuka kununua nati ya kiti changu.
Makopo ya Kimbo hadi darini, hakuna lililoandikwa kitu.
Bi Wacuka hakugeuka. Mkono wake ulikwenda nyuma,
ukachovya, ukarudi na nati yenyewe.
"Umezipangaje?" nikamwuliza, kalamu tayari.
"Nani, mimi?" Akacheka. "Mkono unajua."
"Na ukiugua?"
"Nikiugua tunafunga."

Nikapanda ngazi na nati ya shilingi kumi
na jibu lisilonifaa.

Mkurugenzi, Bwana Kiptanui, anataka
kila kitu kiwe hatua tatu kutoka mlangoni.
Hatua tatu! Mama wa Kinangop
aliyeamka akakuta viazi vimeungua bila moto
hapigi hatua. Anasimama shambani na simu yake,
anaandika alichokiona:
majani meusi, yananuka.
Hajui neno bakajani. Sisi tumelifungia humo,
ndani ya Magonjwa, ndani ya Kuvu, ndani ya Makala za 2015.

Basi nimefuta Kuvu. Nimeandika: Majani Meusi.
Nimeandika: Ng'ombe Hali.
Nimeandika: Kifaranga Anasinzia.
Lumiti, popote ulipo, nimegusa.

Ijumaa usiku, katikati ya yatima,
nikaufungua mmoja unaoitwa jaribio jaribio.
Mwandishi: Atemi. Saa tano na dakika arobaini usiku,
mwaka ambao mimi nilikuwa kidato cha pili.
Maneno yake yote ni haya:

Umeme umerudi. Mvua bado.
Kama unasoma hii, basi inafanya kazi.

Ofisini hakuna amjuaye. Nikampigia Musembi wa getini.
"Atemi? Wa koti la kijani?
Huyo aliondoka na mwavuli wangu."

Mfumo unauliza: Futa?
Unauliza kwa adabu, mara mbili, kama mgeni
aliyeshika kitasa cha chumba cha kulala.
Wasomaji tangu siku ile: mmoja.
Nikatazama nyuma yangu. Ni mimi.

Nje mabati ya mtaa yameanza kulia, tone, tone,
halafu yote kwa pamoja.

Nimeupa mzazi. Uko chini ya Mvua,
baada ya Kuvuna Maji, kabla ya Mafuriko,
hatua nne kutoka mlangoni.
Bwana Kiptanui asihesabu.