Satini Haisamehe Tundu

Sindano siiogopi. Nimekula nayo miaka ishirini na sita
pale Mlango Mmoja, cherehani imeelekea vibanda vya mitumba.
Imenichoma kidole, nikanyonya damu,
nikaendelea na gauni la watu.
Lakini ya shingoni!

Rovu dogo. Punje ya kunde, si zaidi,
hupanda nikimeza mate, hushuka nikitulia.
Mteja ndiye aliyeliona, kwenye kioo,
mimi nikimpima mabega.

Wifi yangu Nyanjige alichomwa.
Majibu: hayaeleweki. Akachomwa tena: hayaeleweki.
Wakaona heri wapasue. Likatolewa, likapimwa,
kumbe halikuwa na neno.
Sasa kidonge kila alfajiri kabla ya chai,
na kovu analolifunika kwa mtandio hata jua la Februari.
Halikuwa na neno. Neno limebaki kwake.

Basi nikaenda kliniki ya Nyakato, bei ya sindano
nimeifunga kwenye pindo la kitenge.
Daktari Nyangeta akanilaza chali, mto chini ya mabega,
akanipaka uji wa baridi, baridi ya maji ya Kirumba alfajiri,
akapitisha kile kifaa kama mtu anayepiga pasi hariri.

Umeme ukakatika.
Tukangoja jenereta gizani, mkono wake shingoni mwangu,
akaniuliza sare za kwaya nashona kwa kiasi gani.

Picha iliporudi akanigeuzia:
“Ona. Ukingo laini, haukuchanika.
Punje za chokaa hamna. Ndani vishimo vishimo, kama dodoki.
Tena limelala. Yale ya kutisha hupenda kusimama.”
Nikawaza mawe ya Mwanza, yalivyobebana wima ziwani,
nikalishukuru langu kwa uvivu wake.

“Sindano lini?”
“Hili haliitaki. Rudi baada ya mwaka, tulitazame.”
“Una hakika?”
Akanifuta uji kwa karatasi, polepole.
“Hakika yote sina. Ninayo ya kutosha kutotoboa.”

Hilo nalijua. Kitenge ukikosea unafumua, kinasahau.
Satini haisamehe tundu.
Unaipapasa kwanza, unaiinua mwangani,
na siku nyingine ufundi wote
ni kurudisha sindano kwenye mto wake.

Jioni nilimweleza Nyanjige, mbiombio, nikicheka.
Akashika kovu, akasema, “Afadhali.”
Nikainamia mboga, nikachambua hata zilizokwisha kuchambuliwa.