Wiki ya Arobaini na Saba

Orval, bili yako imefika tena.
Jina lako lote, kwa herufi kubwa,
kana kwamba bado unatoka asubuhi na slipa
kuifuata barua kwenye sanduku la kando ya barabara.

Naikumbuka ile nyama ya nguruwe.
Paja zima, limekaushwa kwa moshi, na tiketi mbili za maonyesho,
bure, mradi tukae dakika tisini
tumsikilize kijana mwenye pete kidole cha mwisho.
Dakika tisini zikazaa saa nne.
Alikuchorea duara, akalikata vipande hamsini na viwili:
"Hiki ni chenu. Chenu milele.
Na siku mkiondoka, cha watoto."
Nilikukanyaga mguu chini ya meza.
Ulidhani ni mahaba.

Rahisi ghali. Paja lile
tulilimaliza kabla ya Krismasi;
huu mwaka wa ishirini na tatu, bado nalilipia.

Na wiki yenyewe ya Novemba!
Miti ya Branson imekwisha kuvuliwa nguo,
bwawa limefunikwa turubai,
hata bata wa ziwani wameshahama.
Wao hawakutia saini.

Nimeinadi kwa dola moja, gazetini,
kati ya mashine ya kukata majani na watoto wa paka.
Paka walichukuliwa siku ileile.

Nikapiga simu. Muziki. Muziki.
Kisha binti mwenye sauti ya asali:
"Tunaweza kuipokea, mama,
tukipata saini za wamiliki wote wawili."
Nikamwambia mmoja yuko chini ya udongo wa Joplin tangu Machi.
Akanyamaza. Nikamsikia akibonyeza, akibonyeza.
"Je, ana anwani nyingine?"

Cheti chako cha kifo nimekituma mara tatu.
Mara ya tatu wamekujibu wewe:
wanakushukuru kwa uaminifu wako.

Akaja Bwana Leland Pruitt wa Springfield,
mkombozi wa waliokwama,
mtu wa kuinamisha kichwa na kusali kabla ya kufungua faili.
Akachukua elfu nne.
Sasa simu yake inaita tu
kama ndani ya nyumba iliyohamwa.
Nimeruka majivu, Orval, nimekanyaga moto,
na wewe hupo wa kunicheka.

Jumapili Garlan alikuja kusafisha mifereji ya paa.
Nikamwuliza, huku nimeshika ngazi.
Akasema, bila kutazama chini:
"Niachie trekta. Niachie bunduki ya baba,
na yule mbwa kipofu, nitamlea.
Wiki usiniachie."
Ameshamwona mwanasheria; ipo karatasi ya kukataa urithi.
Sijapata kumwona mtoto
akimkana babake kwa upole vile.

Basi nimekuja. Nifanyeje?
Mwenye kulipia harusi na ale wali.
Chumba ni kilekile, pazia ni mpya,
kibaniko ni kile ulichokiunguza, na alama yake ipo mezani.
Mvua inanyesha tangu jana.
Chumba cha kufulia nimekutana na mjane mwenzangu kutoka Tulsa.
Wake ana wiki mbili.
Tulikunja mashuka yetu kimya kama watu wa msiba mmoja.

Asubuhi mlango umegongwa.
Kijana, pete hana, ila tabasamu ni lile lile:
"Bibi Verlene, umewahi kufikiria kuongeza nafasi?
Ni dakika tisini tu. Kuna na zawadi."
Nikamwuliza, zawadi gani?
Unaijua, Orval. Unaijua.

Nilicheka mpaka nikashika fremu ya mlango.
Yule mtoto akarudi nyuma hatua moja, karatasi zake kifuani,
akaniuliza kama kuna mtu wa kumpigia simu.

Usiku nimezima taa mapema.
Kitanda ni kipana, kina pande mbili.
Nimelala upande wangu, kama siku zote.
Wako pia umelipiwa.