Daftari la Kaunta la Mzee Ndahani

Kurasa mia mbili, jalada limeliwa na mchwa.
Baba alikuwa mhudumu wa wodi hapa Mlali,
mfua mashuka, msukuma machela,
na maneno ya madaktari yakidondoka njiani
aliyaokota, kama kuku aokotavyo uwele
nyuma ya mwanamke anayepeta.

Aliyaandika alivyoyasikia.
Akyuti: huyu hakubisha hodi.
Kroniki: mgeni aliyekwisha kujua
mbwa wenu wanaitwaje.
Idiopathiki: daktari hajui, lakini amesoma.

Stuli. Hapa ameandika kirefu.
Mzee Chibago aliambiwa ailete asubuhi,
akaja kwa miguu kilomita kumi na moja
na kigoda kichwani, cha mninga, miguu mitatu,
amekipaka mafuta kwa ajili ya hospitali.
Manesi walitoka nje kucheka.
Baba alikipokea kwa mikono miwili,
akamvuta mzee pembeni, akasema naye Kigogo,
akampa kopo.
Maana, kaandika chini: usimwaibishe mtu kwa neno.

Ukurasa wa arobaini kachora jicho,
kope zimegeukia ndani
kama miiba ya boma iliyopangwa kinyume.
Wazungu, anasema, mboni na mwanafunzi
wanaviita jina moja.
Sasa kope zikiikwaruza mboni, anauliza,
ni nani anayefukuzwa shule?
Mama alizing'oa zake kwa kibano
kila Jumapili kabla ya ibada. Zilirudi.

Mgonjwa, tena, na mvumilivu: neno moja.
Hapo kapiga mstari mara mbili,
kalamu ikatoboa karatasi.
Benchi la nje lilikuwa refu siku zile
na dawa zilikuja Alhamisi.

Mengine alikosea.
Plasebo: daktari mpole wa Dodoma mjini,
anaponya bila sindano.
Sijasahihisha. Mimi nina cheti, nina kamusi ya simu,
nina koti jeupe lenye doa la iodini.

Kisha wino unageuka kijani,
sijui aliazima kalamu kwa nani.
Metastasisi: kuhama.
Kama mwaka wa Mtunya, babu zetu walipoachana njiani,
kila mmoja na kibuyu chake,
wakaenda kupiga hodi kwa wasiowajua.
Tarehe ni ya Machi.
Machi ile alituambia mgongo unamuuma
kwa sababu ya godoro.

Ukurasa wa mwisho: Rimisheni,
nukta mbili,
basi.

Jana, zamu ya usiku, umeme umekatika,
Sechelela wa kitanda cha sita akashika mkono wangu:
neno hilo alilosema daktari, mwanangu, ni zuri au baya?
Nikasema, fisi ametoka zizini.
Usizime moto.
Akalala.

Sijaliandika bado.
Kalamu ya kijani sina.