Shingo Upande

Masasi, mtaa wa Mkuti, saa nne asubuhi,
umeme haujarudi, na kwa kazi hii siuhitaji.
Gita la baba limelala kifudifudi
juu ya gunia, kwenye meza ninapofungulia simu za watu.
Skrubu nne mgongoni. Tatu zimeshika kutu,
ya nne si yake: ni ya mlango wa kabati.

Tangu utoto nimelijua gita hili kwa vidole vya baba.
Ncha ngumu kama ganda la korosho,
mistari ya nyuzi imejichora humo,
siku nyingine na damu.
Nyuzi zilikaa juu mno,
panya angepita chini yake bila kuinama.
"Muziki una uchungu wake," alisema,
nami, darasa la tatu, nikaamini,
nikajaribu kubonyeza fa, nikalia,
nikaenda zangu kujifunza redio.

Kwenye daraja vijiskrubu vimeshushwa hadi mwisho,
vimegota. Hakuna pa kushuka tena.
Basi ubaya hauko huku unakoonekana.
Uko pale shingo ilipozama mwilini.

Nalegeza nyuzi. Nazungusha bisibisi.
Shingo inachomoka kwa sauti ndogo, kama jino la mtoto,
na ndani ya kishimo chake
vumbi, mende aliyekauka,
na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Stakabadhi ya ghala.
Kilo themanini na nne, korosho ghafi, daraja la pili,
jina la baba kwa wino wa zambarau,
sahihi ya karani Nambunga, inayokimbia kama mwenyewe.
Malipo ya pili ya msimu ule
tuliyasikia tu.
Kumbe karatasi ilipata kazi.
Baba aliichomeka humu shingo isicheze,
akaichomeka upande wa nje,
upande wa kichwa,
na shingo ikainama mbele kama mtu anayeomba radhi,
nyuzi zikabaki hewani.
Miaka kumi na saba alipiga kwa shingo upande
na hakuna aliyemwambia.

Siitupi.
Naihamishia ukutani, kwa ndani,
naikunjua mkunjo mmoja, unene ule ulizidi.
Nakaza skrubu kwa zamu, kimsalaba,
kama Chilumba anavyofunga kichwa cha pikipiki.
Filageji hii pia ni yake, nimeazima,
majani yake yananuka oili.
Uzi mnene: milimita mbili, freti ya kumi na mbili.
Mwembamba: moja na nusu.
Unakwaruza. Napandisha robo mzunguko.
Unakwaruza bado, kama nzi ndani ya chupa.
Robo tena.

Nabonyeza fa.
Kidole changu cha redio, laini, hakina sugu,
na fa inatoka nzima.

Nikakaa chini.
Kwa hiyo haukuwa uchungu wa muziki.
Zilikuwa milimita tatu
na karatasi mahali pasipo pake.
Sijui nimkasirikie nani. Karani? Msimu?
Mtoto yule aliyeamini haraka?

Baba anafika baada ya adhuhuri, analipakata,
anabonyeza kwa nguvu zake za siku zote
na nyuzi zinaruka nje ya sauti, zinalia kama zimeonewa.
"Umeliharibu."
"Bonyeza taratibu, baba."
"Taratibu ndiyo nini?"
Anajaribu. Mkono haujui pa kuiweka
ile nguvu iliyobaki.
Anapiga kipande kifupi, anaacha katikati,
anatazama ncha za vidole vyake
kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoitegemea.

"Ile karatasi?"
"Imo."
Kimya. Jirani anapuliza jiko.
"Lipandishe kidogo," anasema. "Kidogo tu. Nilisikie."

Nachukua bisibisi, nainamia daraja,
nazungusha hewa: robo, kisha robo.
"Hapo," anasema baba.
"Hapo hapo. Usiguse tena."